Kadi inaisha tarehe 14, HR hawataki kusikia, na Neema ana mistari ya Mtakatifu Patrick

Mama Neema, Drogheda. Jumanne 4 Machi 2025

Habarini za asubuhi ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa kwenye basi natoka zamu ya usiku kwa hiyo mnivumilie.

IRP yangu, ile kadi ya ukaazi wa hapa Ireland, inaisha Ijumaa ya tarehe 14. Nimeomba kutoka Stamp 1 (unafungwa na kibali cha kazi) kwenda Stamp 4 (unafanya kazi bila kibali) maana CSEP, kibali changu cha kazi cha ujuzi adimu, imeshatimiza ile miezi 21, nimelipa ile euro 300, nimepandisha kila karatasi, sasa hii ni wiki ya sita na nilichopata ni imeli moja tu yenye namba ya maombi. Simu nikipiga inaita mpaka inakata yenyewe. Jana HR, ofisi ya wafanyakazi kazini kwetu, kaniita akaniambia kwa upole kabisa kwamba kuanzia tarehe 15 hawezi kuniweka kwenye rota kama kadi mpya haipo mkononi. Na tarehe 17 ni Jumatatu, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, ofisi zote zinafungwa, ndio kusema wikiendi nzima ndefu nitakuwa sijui nimesimama wapi. Swali langu ni moja: ile imeli ya namba ya maombi HR wanaikubali, au kuna barua nyingine ya kuomba, na inaombwa wapi?

La pili ni dogo. Neema (miaka 9) shuleni wako kwenye Seachtain na Gaeilge, wiki ya lugha ya Kiayalandi, tarehe 17 darasa lao linatembea kwenye paredi na yeye kapewa mistari ya kusema kwa Kiayalandi. Anarudia nyumbani kutwa nzima, na mimi siwezi kumsahihisha kwa sababu kinachoandikwa na kinachotamkwa ni vitu viwili. Lá Fhéile Pádraig, yaani Sikukuu ya Patrick, inasomwaje jamani?

Baba Chebet, Cork. Jumanne 4 Machi

Pole sana Mama Neema. Hiyo maneno naijua. Kadi yangu ya GNIB mwaka wa 2022 iliisha kama bado nangoja appointment, nikakaa nyumbani siku kumi na moja bila mshahara na rent haingoji mtu. Kilichonisaidia ni TD, yaani mbunge, wa hapa kwetu. Nilienda Jumamosi pale anaonana na watu, akaandika barua moja, wiki hiyo hiyo nikaitwa. Usiogope TD. Na usidhani huna maana kwake juu hujapata uraia, kura ya council unayo hata ukiwa na Stamp 1, jiandikishe.

Mzee Mwinyi, Limerick. Jumanne 4 Machi

Marahaba mwanangu Mama Neema, pole kwa zamu.

Baba Chebet, nakuomba tusiwapoteze wageni. Kadi ya GNIB ilikwisha Desemba 2017, tangu hapo inaitwa IRP. Na wewe 2022 ulikuwa unakwenda kituo cha Garda, polisi wa huku, cha hapo Cork, dirishani, unaonana na mtu uso kwa uso. Kuanzia Januari 2025 kuhuisha kadi kwa kaunti zote kumehamishiwa mtandaoni, kwa kuhuisha dirisha halipo tena. Kwa hiyo uzoefu wako wa dirishani haumsaidii huyu mama.

Kuhusu HR, mwanangu wa pili alipokwama waajiri walikubali risiti ya maombi, kama hiyo imeli yenye namba, pamoja na kadi ya zamani, akaendelea na kazi mpaka mpya ikaja.

Baba Chebet, Cork. Jumanne 4 Machi

Mzee heshima zako, lakini kila mtu hapa Cork husema GNIB mpaka leo, hata mapolisi wenyewe. Na huyo mtoto wako si alikuwa Stamp 2, mwanafunzi wa masaa 20 kwa wiki? Huyu mama ni nesi wa full time na permit inaisha pamoja na kadi. Si kitu kimoja.

Bi Zuhura, Galway. Jumatano 5 Machi

Assalamu alaykum, na walio Wakristo nawatakia Kwaresima njema maana leo ni Jumatano ya Majivu, na sisi Ramadhani ni ya tano, mwaka huu tumefunga pamoja.

Ya kadi nawaachia nyinyi, mie nimjibu mtoto, kwa kuwa hapa Galway ukitoka tu magharibi kidogo unaingia Gaeltacht ya Connemara, eneo la wasemao Kiayalandi, na nimefanya kazi na watu ambao nyumbani kwao wanasema Kiayalandi tu.

Mama Neema, ile Fh haisemwi kabisa, imekufa. Kwa hiyo Fhéile inakuwa eela, na yote kwa sikio la Kiswahili ni kama: Loo eela Poodrig. Akiwasalimia wengi aongeze sona daoibh, yaani sona diiv. Akimsalimia mmoja, sona duit. Msimwambie mtoto kuwa ni lugha ngumu, tafadhali. Mtoto aliyekulia Kiswahili ameshazoea neno kubadilika kichwani: kitabu, vitabu, mtu, watu. Nao ni hivyo hivyo. Mashua ni bád, mashua yangu ni mo bhád na unasikia mo waad. Mama ni máthair, mama yangu ni mo mháthair, ile m inageuka w. Mwingereza aliyezoea neno lisimame pale pale ndiye anayehangaika.

Na kitu kingine kilichonitia raha nilipoanza kujifunza: hawana neno moja la ndiyo wala la hapana. Ukiulizwa umeelewa, an dtuigeann tú, unajibu tuigim, naelewa, kitenzi na mtu wake ndani ya neno moja kama sisi. Njaa wanasema tá ocras orm, njaa iko juu yangu. Kuomba radhi ni tá brón orm, huzuni iko juu yangu. Mie nikisikia hivyo nasikia mtu wa pwani kabisa, mtu ambaye mambo yanamfika, sio yeye anayeyamiliki.

Salamu je? Dia duit, Mungu awe nawe. Na anayejibu lazima azidishe: Dia is Muire duit, Mungu na Mariamu wawe nawe. Wa tatu akiingia wazee wanamtia na Pádraig. Ndugu zangu, si ndiyo ile ile ya salamu alaykum, ujibu kwa zilizo bora kuliko ulizopewa? Na ile céad míle fáilte mnayoiona imeandikwa kwenye milango ya mahoteli, hesabuni: mia mara elfu. Fáilte ni karibu, basi ni makaribisho laki moja.

Ewe Mama Neema, mwalimu akitaka mzazi aseme salamu ya kwao, nenda useme. Usione haya.

Mama Neema, Drogheda. Jumatano 5 Machi

Bi Zuhura umenitoa machozi nikiwa na mop mkononi. Neema anasema mwalimu wao ndivyo anavyotamka. Ahsante sana.

Leo nimetuma imeli ya pili kule ofisini, jibu lililokuja ni la mashine. Ile risiti, kuna nesi au mwenye CSEP hapa ambaye HR walimkubalia? Nesi hasa.

Baba Chebet, Cork. Alhamisi 6 Machi

Hawa watoto wetu watasema Kiayalandi kuliko Waayalandi. Kazini nimeuliza watu zaidi ya kumi, wamesoma hiyo lugha kutoka primary mpaka Leaving Cert, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, na sentensi ambayo wote wanakumbuka ni moja, ile ya kumuomba mwalimu ruhusa ya kwenda choo: an bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas. Wanaisema kwa pamoja kama wimbo, wanacheka mpaka wanashika tumbo. Nikawaambia kwetu Kalenjin ilikuwa ukiisema shuleni unavishwa disc shingoni na unachapwa. Wakanyamaza. Mmoja akaniambia babu wa babu yake alikuwa na kijiti kinaning'inia shingoni, kila neno la Kiayalandi mtoto akisema nyumbani ama shuleni kinakatwa alama, jioni alama zinahesabiwa anachapwa kwa hesabu hiyo. Bata scóir wanakiita. Tangu siku hiyo mimi na huyo jamaa tunakula lunch pamoja.

Kwa hivyo Mama Neema mtoto wako asikose hiyo paredi.

Mzee Mwinyi, Limerick. Alhamisi 6 Machi

Hapo Baba Chebet umesema neno la maana, na nakuomba radhi kwa ukali wa juzi.

Nataka niongeze jambo juu ya kucheka kwao, kwa sababu kuna vijana wetu wanaumia bure kazini. Wenyewe wanaita slagging. Mtu anakufahamu wiki mbili, wiki ya tatu anaanza kukusema: viatu vyako, timu yako, jinsi unavyoshika kikombe. Kijana mmoja wa kwetu aliacha kazi nzuri kabisa hapa Limerick akidhani anabaguliwa. Ubaguzi upo, nimeuonja, na una harufu yake, haufanani na hii. Hii ni utani. Mimi Mzaramo, nimekulia kwenye utani na Wasukuma na Wanyamwezi tangu enzi za babu zetu na misafara ile ya bara na pwani, na nakuambieni mtu akikutania hapa maana yake amekuweka ndani. Anayekuogopa au asiyekutaka atakuwa na adabu nyingi mno. Umjibu. Usipojibu ndipo anapoona amekukosea, na anabaki na aibu yake.

Kuna siku nilikwenda msibani kijijini Clare, baba wa rafiki yangu. Maiti iko sebuleni jeneza wazi, wajukuu wanapita na sahani za sandwichi, watu wanapanga foleni mpaka barabarani, kila mmoja anamshika mkono mfiwa na kumwambia pole kwa tatizo lako, kwa maneno hayo hayo. Halafu ukisogea jikoni ni vicheko, wanamwiga marehemu alivyokuwa anagombana na trekta lake. Nilisimama pale mlangoni nikaona Kisarawe. Nikamkumbuka mtani wetu aliyevaa kanzu ya marehemu baba yangu akaiga mwendo wake, halafu akaingia kaburini akalala, akasema hatoki mpaka alipwe. Mama alicheka siku ile, siku ambayo hatukutegemea ataweza. Zamani mikesha yao ya msiba ilikuwa na michezo kabisa mbele ya maiti, kanisa likapigana nayo miaka na miaka.

Na walikuwa na mkesha mwingine, wa mtu aliye hai. Kijana akisafiri kwenda Marekani, hasa baada ya ile njaa ya viazi ya 1845 mpaka 1852 ambapo watu kama milioni moja walikufa na milioni nyingine wakaondoka, usiku wa mwisho jamaa walikesha naye kwa muziki na kilio, kwa sababu walijua hawatamwona tena. Mimi niliondoka Dar kwa ndege, mama akanisindikiza, miaka sita baadaye nikamzika kwa simu. Basi.

Papa Furaha, Waterford. Ijumaa 7 Machi

Jambo bandugu. Mzee, pole sana kwa mama. Mie niliacha wangu Bukavu na sasa hivi vile mambo iko kule, tangu Februari, simu haipite kila siku.

Nataka tu niwaambie kitu moja juu ya hii inchi. Roger Casement, muzaliwa wa Dublin, alikuwa konsuli ya Waingereza kule kwetu Congo. Njo yeye aliandika ile ripoti ya 1904, namna watu ba Leopold, mufalme wa Ubelgiji, walikuwa nakata batu mikono juu ya mupira, ule utomvu ya miti. Kisha akageuka akapigania uhuru ya inchi yake, Waingereza wakamunyonga London, Agosti 1916. Mwili yake ilirudi Dublin 1965, iko ku makaburi ya Glasnevin. Mie nilienda pale na watoto. Nikawaambia: huyu alituona sisi kama batu wakati wengine walikuwa nahesabu kilo ya mupira. Ukisikia mutu anasema hapa batu Weusi wamekuja jana tu, hawana historia na hii inchi, umuambie Casement.

Baba Chebet, Cork. Ijumaa 7 Machi

Na umuambie Brother Colm O'Connell, mtu wa hapa hapa Cork. Alikuja St Patrick's Iten 1976 kufundisha jografia, mambo ya kukimbia hakuwa anajua, na bado akamlea Rudisha yule wa mita 800, 1:40.91 London 2012. Hiyo shule nilikuwa naiona kila siku nikienda kuchota maji. Ati leo nakaa Cork na yeye bado Iten. Na wale mapadre wa Kiayalandi wa Kiltegan wa kule Turkana na Kitui, shirika lao lilianzishwa tarehe 17 Machi 1932, siku yenyewe ya Patrick. Mimi nilibatizwa Patrick na padre wa hapa. Nilipofika immigration Dublin airport yule ofisa akaangalia passport akasema welcome home Patrick.

Saa hii kule nyumbani mvua ndefu inakaribia, watu wanalima. Hiyo harufu ya mchanga ikinyeshewa. Hapa inanyesha kila siku na hakuna harufu.

Bi Zuhura, Galway. Jumamosi 8 Machi

Patrick mwenyewe, kwani alikuwa Muayalandi? Hakuwa. Alitoka Uingereza ya Warumi, akatekwa na maharamia akiwa na miaka kama 16, akauzwa huku akachunga mifugo miaka sita, akatoroka, halafu akarudi kwa hiari yake kwa watu wale wale waliomfanya mtumwa. Ameyaandika mwenyewe kwa Kilatini. Sisi wa pwani tunajua nini maana ya mtu kukamatwa akauzwa ng'ambo, basi mie siku hiyo namuwaza yule kijana pale kilimani na kondoo wa watu, usiku, lugha haijui.

Na paredi nayo watu wanadhani imeanzia hapa. Imeanzia kwa waliokuwa mbali. New York walitembea tangu 1762, na Dublin serikali haikuwa na paredi yake mpaka 1931. Hata baa hapa siku hiyo zilikuwa zinafungwa kwa sheria mpaka mwaka 1960, ilikuwa siku ya kwenda misa na kuvaa jani la shamrock kifuani. Zile kelele zote zimefanywa na watu waliokuwa na hamu na kwao. Ndiyo maana mie huenda kutazama kila mwaka, hata nikiwa nimefunga.

Mama Neema, Drogheda. Jumamosi 8 Machi

Jamani nawapenda wote, nasoma kila kitu. Lakini zimebaki siku sita. Ile risiti?

Baba Chebet, Cork. Jumamosi 8 Machi

Peleka tu risiti na kadi ya zamani. Wakikataa nenda kwa TD.

Mzee Mwinyi, Limerick. Jumapili 9 Machi

Asipeleke bila barua. Kuna matangazo yanatolewa ya kuongeza muda wa kadi, lakini mengine ni ya kusafiri na mengine ni ya kukaa, na mwajiri anaangalia haki ya kufanya kazi. Ni vitu vitatu tofauti. Asome vizuri.

Baba Chebet, Cork. Jumapili 9 Machi

Mzee sasa asome wapi? Mwambie wapi. Kumwambia mtu mwenye night shift asome vizuri si jibu.

Mzee Mwinyi, Limerick. Jumapili 9 Machi

Haya. Mimi nasema hivi, tatizo la mizizi ni kwamba wote tunaishi kwa kadi. Mama Neema, ukipata Stamp 4 hesabu siku zako za uraia, siku 1,825 na moja kwa kila mwaka mrefu wa siku 366, na mwaka wa mwisho usitoke nje zaidi ya siku 70. Ada ni euro 175 ya maombi na 950 ya cheti. Hakuna mtihani wa lugha wala wa historia. Unaitwa kwenye sherehe, wengi mjini Killarney, unaapa na maelfu wenzako, nimekwenda kumsindikiza jirani yangu Mkenya, niliona watu wazima wanalia.

Mimi sijaapa. Mkenya anaapa na anabaki na uraia wake tangu katiba ya 2010, sisi Watanzania ukiapa umeuvua. Nina miaka 23 hapa, nalipa kodi, watoto wote ni Waayalandi, na paspoti yangu ikiisha ubalozi wetu uko London, na kwenda London nahitaji viza ya Uingereza. Kila uchaguzi tunaahidiwa uraia pacha. Mimi nataka nizikwe Kisarawe nikiwa mwenye nchi.

Papa Furaha, Waterford. Jumatatu 10 Machi

Mzee, na watoto? Kura ya Juni 2004 ilibadirisha, mutoto anazaliwa hapa na haiko tena raia moja kwa moja, mpaka muzazi awe na miaka tatu ya kuhesabika. Wangu ba mwisho alizaliwa mbele ya ile miaka kutimia. Iko naimba amhrán na bhFiann ku shule, ule wimbo wa taifa, na haiko raia. Ana miaka saba. Ananiuliza.

Bi Zuhura, Galway. Jumatatu 10 Machi

Papa Furaha, huyo anaweza kuombewa akishakaa miaka mitatu, sheria imebadilishwa, ilikuwa mitano. Tafuta wale wa msaada wa sheria wa bure hapo Waterford kesho, usingoje.

Mama Neema, Drogheda. Jumanne 18 Machi

Habari zenu. Naomba radhi kwa kimya.

Tarehe 14 ilifika, kadi haikuja. Nilipeleka risiti, kadi ya zamani, na nikachapisha ukurasa wa maombi yangu unaosema yanashughulikiwa. HR akasema atawauliza wanasheria wao na kwa sasa nikae nyumbani. Hajasema ni likizo ya malipo au vipi. TD nimemwandikia, msaidizi wake amejibu kwamba ameipokea.

Jana tulikwenda. Baridi kali na jua. Neema kavaa kijani juu na chini kitenge nilichomshonea usiku kwa mkono. Walipofika mbele ya jukwaa akasema mistari yake yote, hakukosea hata moja, na ile Fh akaiua kama Bi Zuhura alivyosema. Halafu mwalimu akanigeukia na kipaza sauti, sikuwa nimejiandaa. Nikasema: hamjambo, karibuni laki moja. Nikaeleza kwa Kiingereza kwamba nimeipata kwenye lugha yao. Bibi mmoja aliyekuwa mbele na mkongojo akapiga kelele turudie, basi umati wote ukasema laki moja, laki moja, na kuna baba mmoja akamwambia mume wangu kwa hiyo bei hata yeye anakuja Tanzania. Baba Neema akamjibu kwamba kwetu laki moja haitoshi hata nauli ya kutoka uwanja wa ndege mpaka Moshi, alipe vizuri. Wakacheka wote wawili, wakaenda kununua chai.

Leo niko nyumbani, rota ya wiki imetoka na jina langu halipo. Neema amerudi shule anasema tá ocras orm, na sembe imeisha. Wa Dublin, duka gani bado wana ile ya kilo tano? Na kama kuna nesi yeyote ambaye HR walimkubalia risiti, naomba aniandikie hata usiku.